Paka wa depo, mbwa wa kiwanja: tuwaangalie mdomoni

Msimu uliopita, tulipokuwa tunazunguka kwenye depo za koperative kati ya Kasongo na Kabambare, karibu kila mahali tuliulizwa swali moja: panya wanamaliza mpunga wetu, tufanye nini? Depo moja upande wa mto Luama, mama mmoja alituonyesha paka wake. Amekonda, macho yake kama yana ukungu, analala tu juu ya magunia. Mama akatuambia kwamba huyu paka hana shida ya chakula, kila siku anapewa bugali na sombe, lakini panya anawaangalia tu.

Hatukuwa na veterineri siku ile, kwa hiyo hatuwezi kuapa ni nini kilichomharibu yule paka. Lakini ile bugali ilitupa mashaka, na sababu yake inaonekana mdomoni.

Mtu mzima ana meno 32, mbwa ana 42, paka ana 30 tu. Sisi watu magego yetu ni mapana, na taya letu linakwenda kushoto na kulia sawa vile jiwe la kusagia. Jaribu leo: tafuna kipande cha bugali muda mrefu bila kumeza, utasikia utamu unakuja. Mate yetu yameanza kugeuza wanga kuwa sukari. Paka hana hayo. Magego yake ni membamba na makali, yanapishana kama makasi, na taya lake linapanda na kushuka tu. Linakata nyama, halisagi kitu. Hata utamu hausikii, juu ulimi wake umekosa kile kipokezi cha kuonja sukari. Watafiti walionyesha jambo hilo mwaka 2005. Mbwa yuko katikati: mbele ana chonge za mwindaji, nyuma ana magego ya kuponda mifupa, na tumbo lake limezoea wanga, kwa sababu ameishi na wakulima maelfu ya miaka akila mabaki yao.

Kuna kitu kinaitwa taurini. Kiko ndani ya nyama na samaki, ndani ya muhogo na mahindi hakiko. Mwili wa mtu unajitengenezea, wa mbwa pia kwa kawaida. Wa paka unatengeneza kidogo sana. Paka akilishwa bugali tupu miezi na miezi, macho yanaharibika pole pole mpaka upofu, na moyo unachoka. Mlinzi wa depo kipofu atalinda nini? Basi mpe fretin kidogo, au matumbo ya samaki, kila siku. Na msiogope ile maneno kwamba paka akishiba hawindi. Anawinda hata ameshiba. Mwenye njaa kali ndiye anayekosa nguvu, au anahamia jikoni kwa jirani.

Tena masikio yake ni mali. Sikio la mtu linaishia kwenye sauti inayotetemeka mara 20,000 kwa sekunde. Mbwa anafika karibu 45,000. Paka anapita 60,000. Watoto wa panya wakiachwa na mama yao wanalia kwenye 40,000 hivi, maana yake unaweza kusimama katikati ya depo ukasema kumetulia, kumbe paka anasikia kiota kizima chini ya magunia. Usiku anahitaji mwanga mdogo sana, kama sehemu moja kwa sita ya ule tunaouhitaji sisi. Kitu kikiwa karibu kabisa na pua yake hakioni vizuri, lakini ndevu zake zinageuka mbele na kumwambia mahali pa kuuma.

Sasa, dawa ya panya. Hapa tunasema kwa nguvu. Nyingi haziui palepale. Panya anakula, anazunguka siku kadhaa akiwa mlegevu, na ndiye paka anamkamata kwanza. Paka anakufa, panya waliobaki wanazaa. Na wali wenye sumu chini ya depo, mtoto hautofautishi na wali wa nyumbani.

Mbwa tunamshauri abaki kiwanjani. Pua yake ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200, yetu milioni tano au sita, kwa hiyo mgeni wa usiku anajulikana kabla hajafika mlangoni. Ndani ya depo anachimba na kupasua magunia. Mchanjeni kila mwaka pale chanjo inapopatikana. Akimuuma mtu, chonge zake zinaingia ndani, na kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu hakina dawa. Osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, bila kupaka majivu wala majani, halafu kituo cha afya siku ileile. Jino la paka nalo ni kama sindano: tundu ni dogo, uchafu umeingia mbali. Msilidharau.

Na sisi wenye meno butu na pua dhaifu? Tuna mikono. Meno ya mbele ya panya yanakua maisha yake yote, kwa hiyo atatafuna tu, mbao na plastiki vilevile. Inueni sakafu ya depo mita moja kutoka chini, kila mguu uvalishwe tole, na matawi yaliyo karibu yakatwe.

Tuliporudi kule Luama, miguu ya depo ilikuwa imevalishwa tole la mapipa ya zamani. Mama amepata paka mwingine kijana kwa jirani, na asubuhi ile alikuwa ameacha mikia miwili ya panya mlangoni. Yule wa kwanza bado analala juu ya magunia. Haoni, lakini fretin zake anapewa.