Kiwanja cha bondeni: Bei ndogo, gharama kubwa

FAMILIA nyingi zinazotafuta kiwanja Dar es Salaam hukutana na dalali mwenye maneno matamu. Eneo ni la karibu na mjini, bei ni ya chini kuliko kwa jirani, kasoro yake ni “kijito kidogo tu” kwa nyuma.

Si kila maji hushusha bei. Masaki na Oysterbay, nyumba inayotazama bahari huuzwa ghali. Lakini Jangwani na Kigogo, kando ya Mto Msimbazi, mambo ni tofauti. Mto huo hutoka vilima vya Pugu, hupita katikati ya jiji ukizoa taka za majumbani na viwandani, kisha humwaga baharini kwenye Daraja la Salender. Mvua kubwa ikinyesha, maji yake huingia hadi vyumbani.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande.

Hata asipokufa mtu, gharama hubaki. Vyoo vya shimo hufurika na kinyesi huingia visimani, ndipo kipindupindu na homa ya matumbo huanza. Maji yakituama, mbu wa malaria huzaliana. Fedha uliyookoa kwenye kiwanja huishia hospitali, kwenye godoro jipya na siku ambazo hukwenda kazini.

Kisheria pia kuna mtego. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kiwanja cha namna hiyo ni vigumu kukipatia hati, na bila hati benki haitakipokea kuwa dhamana ya mkopo. Siku ukitaka kuuza, mnunuzi naye atauliza maswali hayo hayo.

Kabla ya kulipa, nenda na mwenza wako wakati wa masika, si kiangazi. Tazama alama za maji kwenye kuta za majirani. Waulize wazee wa mtaa maji yaliwahi kufika wapi, kisha fika ofisi ya ardhi ya manispaa uone ramani ya mipango miji. Dalali akikuharakisha, mwambie utarudi mvua ikinyesha.