Taa Iliyozimika Nyuma: Kutunza Vichwa vya Betri ya Pikipiki

Jioni moja, kusini mwa mji wa Rumonge, tulimsimamisha dereva wa taksi-moto, naye akashangaa kwa dhati. Taa yake ya mbele iliwaka na injini ilinguruma vema. Nyuma, hata hivyo, hapakuwa na nuru: taa ya breki ilikuwa imekufa, na viashirio pia. Alikwisha kubadili balbu mara mbili mwezi ule. Tulipofunua kiti tukaiona kasoro: kichwa kimoja cha betri kilikuwa kimefunikwa na unga wa kijani, na nati yake ilizunguka kwa kidole.

Katika pikipiki nyingi ndogo, taa ya mbele hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye injini, ilhali honi, viashirio na taa ya breki hutegemea betri. Kwa kuwa injini huwashwa kwa teke, dereva aweza kwenda majuma mengi bila kuhisi upungufu wowote. Anayeuona ni yule ajaye nyuma yake. Na katika barabara ya RN3, giza likiingia, nyuma yake kuna malori yaendayo Nyanza-Lac, na kando yake kuna baiskeli zenye madumu ya mawese na akina mama wabebao ndagala.

Balbu zilikatika kwa sababu ile ile. Nati ikilegea, umeme wa injini hukosa betri ya kuutuliza. Hupanda na kushuka ghafla, na balbu huungua. Ule unga nao huzaliwa na mvuke wa asidi unapokutana na shaba ya waya, nao huzuia umeme kupita.

Kazi ya kusafisha ni ya nusu saa. Zima injini, ondoa ufunguo, na weka sigara mbali, kwani betri hutoa haidrojeni, gesi ishikayo moto upesi. Fungua waya wa hasi kwanza. Ukianza na chanya, spana ikigusa fremu itatoa cheche. Koroga kijiko cha magadi katika gilasi ya maji, usugue vichwa kwa mswaki wa zamani hadi povu likome, ukiangalia maji hayo yasiingie ndani ya betri. Suuza, kausha, piga msasa mpaka ving'ae. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza nati bila kutumia nguvu nyingi, kwa maana risasi ni laini, kisha paka vazelini kidogo juu yake. Asidi ikikurukia, nawa kwa maji mengi papo hapo. Ikiingia jichoni, endelea kusuuza na uende hospitali.

Kuna desturi mbili za mwambao wetu ambazo hatuna budi kuzikataza. Ya kwanza ni kupaka mawese mahali pa vazelini. Mawese ni fahari ya Rumonge, lakini yana asidi zake ambazo huila shaba polepole, tena hushika vumbi. Ya pili ni kuongeza maji ya ziwa ndani ya betri. Maji ya Tanganyika twayaita matamu, ila yamebeba chumvi za madini ambazo huharibu sahani za risasi. Betri yenye vifuniko huongezwa maji yaliyokenekwa peke yake. Ile iliyozibwa kiwandani haifunguliwi kamwe.

Fundi mwenye mita akupimie. Betri nzima iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi, na injini ikikanyagwa hukaribia 14. Ikibaki chini ya 12 hata baada ya kuchajiwa, imekwisha. Mpe mnunuzi wa betri chakavu, wala usiitupe ziwani, kwa kuwa risasi ni sumu kwa samaki na kwa mlaji wake.

Kabla ya safari ya usiku, rudisha pikipiki karibu na ukuta na ukanyage breki: wekundu utauona ukutani. Pasipo na ukuta, dereva asimame kwenye kizuizi na kutuomba tumtazamie nyuma.