Kuku Mzima Ameacha Kutaga: Kuna Nini?

Akina mama wengi tunafuga kuku wachache nyuma ya nyumba. Mayai yao ni kitoweo cha watoto, na yakizidi tunamuuzia jirani tukapata fedha ya madaftari na sabuni. Kwa hiyo kuku akiacha kutaga, pengo linaonekana mara moja. Ukimtazama, anakula vizuri, macho yake ni maangavu, hakohoi wala haharishi. Wengi wetu husema, "Huyu sasa ni wa sufuria." Lakini kabla ya kunoa kisu, tuangalie sababu zinazoweza kumfanya kuku mwenye afya asitage.

Je, ameacha kweli?

Kuku anayezurura hupenda kuficha mayai vichakani au chini ya ghala. Kuku wengi hutaga asubuhi, kwa hiyo mfungie bandani hadi saa nne kwa siku tatu au nne, akiwa na maji, chakula, kiota na dirisha la kuingiza mwanga. Angalia pia kama kuku wenzake, mbwa au nyoka wanakula mayai.

Jioni mshike, upime kwa vidole nafasi kati ya ile mifupa miwili iliyo kando ya njia ya kutagia. Vidole viwili au vitatu vikienea, na njia yenyewe ikiwa pana na yenye unyevu, anataga. Kikienea kimoja tu, na kilemba chake kimesinyaa, basi amepumzika kweli.

Anaatamia

Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15, huatamia siku 21, kisha hulea vifaranga. Muda wote huo hatagi, na miezi mitatu inaweza kupita hivyo. Vifaranga wakitengwa mapema, baada ya wiki nne hivi, na kupewa joto na chakula bora, mama yao hurudi kutaga upesi zaidi.

Kama huhitaji vifaranga, mtoe kiotani. Mweke siku tatu hadi tano katika kizimba chenye sakafu ya waya au mianzi iliyoinuliwa, hewa ipite chini ya tumbo lake. Usimnyime chakula wala maji.

Anabadilisha manyoya

Kuku mzima hubadilisha manyoya karibu mara moja kwa mwaka. Manyoya hutengenezwa kwa protini, hivyo mwili huacha mayai kwanza ili kuotesha mapya. Kazi hiyo huweza kuchukua wiki 8 hadi 12. Mpe dagaa, mashudu au mchwa, na umvumilie.

Chakula na maji

Karibu robo tatu ya kilichomo ndani ya ganda la yai ni maji. Kuku akikosa maji hata kwa siku moja ya jua kali, utagaji hupungua. Ganda nalo linahitaji madini ya chokaa kila siku anayotaga. Pumba na makombo ya ugali peke yake hayatoshi. Ongeza majani mabichi, dagaa, na maganda ya mayai yaliyokaushwa na kutwangwa. Usimpe maganda mazima, asije akajifunza kula mayai yake. Mahindi mengi kupita kiasi humnenepesha, na kuku mnene hutaga kidogo.

Hofu, giza na wadudu

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mara nyingi hatagi mpaka azoee. Kuhamishwa banda, kufukuzwa na mbwa au kubanana pia humsimamisha. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, kuku wengi huacha kutaga majira ya baridi kwa sababu siku huwa fupi. Kwetu mchana haupungui sana, lakini banda lenye giza humnyima kuku mwanga anaouhitaji. Usiku, mulika nyufa za banda kwa tochi utafute utitiri, kwani hunyonya damu wakati kuku wamelala.

Umri

Kuku wa kisasa wa mayai hutaga zaidi mwaka wake wa kwanza, kisha hupungua mwaka hadi mwaka. Kama amezeeka, na sababu nyingine zote umezipitia, hapo sufuria ni uamuzi wa haki.

Tunashauri uwe na daftari dogo. Andika tarehe kuku alipoanza kutaga, alipoatamia na aliponyonyoka manyoya. Baada ya mwaka mmoja utajua ni yupi amepumzika na ni yupi amemaliza kazi yake, na hutamchinja kuku ambaye baada ya wiki chache angerudi kuwalisha watoto wako.