NANI ANAIPA SELI RUHUSA YA KUGAWANYIKA?



Katika somo la biolojia mwenzetu mmoja aliuliza: « Kidonda kikipona, ngozi inajua namna gani kwamba sasa inatosha, isiendelee kuota mpaka iwe kilima? » Wengine walicheka, kumbe swali ni la maana sana. Tujaribu kulijibu.

Seli yenye kugawanyika inapita vituo vinne. Kwanza inakua. Pili inanakili ADN yake yote. Tatu inahakikisha kazi imekwisha vizuri. Nne inagawanyika, mama mmoja anakuwa mabinti wawili. Walinzi wa njia hiyo ni proteini.

Moja inaitwa CDK. Fikirini moteri ya mtumbwi pale ziwani: moteri iko, lakini bila ufunguo haiwaki. CDK ina nusu mbili, na katikati kuna mfuko wenye kupokea ATP, ndiyo nguvu ya seli. Lakini uzi wa proteini hiyo yenyewe unaziba mlango. Proteini nyingine, siklini, ikija kushikamana nayo, inavuta ule uzi pembeni na mlango unafunguka. Hapo CDK inabandika fosfati juu ya proteini zingine, nazo zinaanza kazi. Kazi ikiisha, seli inavunja siklini vipande vipande. Moteri inabaki, ufunguo hauko tena. Mwingereza Tim Hunt aliona jambo hilo mwaka 1982, ndani ya mayai ya mnyama mdogo wa bahari mwenye miiba kama nungunungu. Mwaka 2001 alipata zawadi ya Nobel pamoja na Hartwell na Nurse.

Tena kuna breki. ADN ikiumia, proteini p53, zikishikana nne nne, zinaamuru p21 itengenezwe. Hiyo p21 inakwenda kukaba CDK. Seli inasimama, inajitengeneza. Ikishindwa, inajiua yenyewe kwa faida ya mwili wote.

Sasa, hayo yanatuhusu nini sisi watu wa Kalemie? Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago kule Kampala, munganga Denis Burkitt aliona mtoto mwenye taya zilizovimba pande zote. Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari toka Kampala mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakaona kwamba ugonjwa unafuata nchi za joto na mvua, penye malaria nyingi. Karibu na ikweta, juu ya meta 1500 ni haba. Ziwa letu liko kwenye meta 770 hivi. Basi, na sisi tumo.

Ndani ya seli nyeupe ya damu, kipande cha kromozomu ya 8 kinakatika na mara nyingi kinahamia kwenye ya 14. Kipande hicho kinabeba jeni ya MYC, proteini yenye kuamuru siklini zitengenezwe. Pale kinapofika kuna jeni yenye kufanya kazi usiku na mchana, na MYC inavutwa nayo. Ni kama ufunguo umevunjikia ndani ya moteri: haizimiki. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964, na malaria ya mara kwa mara vinasaidia kuleta hali hiyo.

Basi si ulozi, wala si jino tu. Tena mbio zake ndizo udhaifu wake: dawa zinapiga sana seli zenye kugawanyika, na watoto wengi wanapona wakitibiwa mapema. Mdogo wako akivimba taya, meno yakilegea, jicho likitokeza au tumbo likijaa, usingoje majuma. Waambie wazazi wampeleke hospitali siku ile ile. Na usiku alale ndani ya chandarua.

Mwenzetu aliyeuliza amepata jibu: ngozi inasimama kwa sababu ufunguo unavunjwa na breki zinashika. Waliocheka, waulize na wao.