Kadi Ngumu, Sura ya Watu Wawili

Mwaka 1941, Uholanzi ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, kila mtu aliyetimiza miaka 15 alilazimika kutembea na kitambulisho. Aliyekibuni alikuwa mtumishi wa serikali, Jacob Lentz, bingwa wa mafaili na kadi. Kilikuwa na picha, alama ya kidole, na wino maalumu uliokaguliwa chini ya taa ya miale ya urujuanimno. Kukighushi kulikuwa kazi ngumu kuliko kughushi kile cha Wajerumani wenyewe.

Hata hivyo kilighushiwa. Mchonga sanamu Gerrit van der Veen na wenzake walitoa vya bandia vipatavyo 80,000. Lakini askari akiingiwa na shaka, alichohitaji ni kuuliza kwenye masjala ya wakazi: je, mtu huyu yumo? Ndipo usiku wa 27 Machi 1943 kundi lao likavaa sare za polisi, likaingia masjala ya Amsterdam, likawadunga walinzi dawa ya usingizi na kulipua makabati. Wazimamoto wakafika bila haraka, kisha wakamwagia kadi zilizonusurika maji tele. Mchoraji Willem Arondeus na wenzake kadhaa walilipia usiku ule kwa roho zao.

Leo kadi nyingi ni za polikaboneti. Matabaka ya plastiki hiyo hubanwa kwa joto, bila gundi, hadi yawe kipande kimoja. Kisha leza hupenya ndani na kuiunguza plastiki iwe kaboni nyeusi, nukta kwa nukta, mpaka sura itokee. Anayetaka kuibandua picha hana pa kupitisha wembe. Chipu nayo hubeba picha hiyohiyo ikiwa imefungwa kwa saini ya kidijitali. Ukigusa chochote, saini inakataa.

Basi kwa nini ujisumbue kughushi kadi, ikiwa serikali yenyewe inaweza kukuchapia?

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bologna walionyesha kuwa nyuso za watu wawili zikichanganywa kwa kompyuta katika picha moja, mashine ya kutambua sura huweza kuwakubali wote wawili. Mwaka 2018 wanaharakati wa kundi la Peng! la Ujerumani walipata pasipoti halali yenye picha iliyochanganya uso wa mwenzao na wa Federica Mogherini, mkuu wa sera za nje wa Umoja wa Ulaya wakati huo.

Ili kuziba mwanya huo, kwa kanuni iliyoanza 1 Mei 2025, ofisi za Ujerumani hazipokei picha ya karatasi kwa ajili ya pasipoti wala kitambulisho. Mwombaji hupigwa picha papo hapo kaunta, au na mpiga picha aliyesajiliwa, ambaye huituma kwa njia iliyolindwa bila kupitia mikononi mwa mteja.