Sanduku la Bluu na Skrini za Leo (Sehemu ya Nne)

Tangu tarehe 22 Oktoba 2025, Marekani imewafungulia mlango mpana marubani wa leseni ya michezo, ile leseni nyepesi ya ndege za burudani. Kanuni mpya ya mamlaka yao ya anga, FAA, iitwayo MOSAIC, imeondoa kikomo cha uzito wa kilo 600 na kuwaruhusu kurusha hata ndege za viti vinne, ingawa abiria wao bado ni mmoja tu. Wauzaji wanashangilia. Mimi nimevutiwa na jambo dogo: rubani huyo akitaka ndege yenye magurudumu ya kukunjwa, sharti mkufunzi amfundishe kwanza na kuweka saini katika daftari lake. Akitaka ndege yenye zile skrini tulizozieleza katika sehemu ya pili na ya tatu, zinazochukua nafasi ya saa za mishale mbele ya rubani, hakuna saini maalumu inayodaiwa. Magurudumu yanaogopwa kuliko kompyuta!

Wasomaji wa mfululizo huu wanajua nitaelekea wapi. Naelekea Binghamton, jimbo la New York, katika karakana ya vinanda, ambako swali hili la mafunzo lilipata jibu mapema.

Edwin Link, aliyezaliwa mwaka 1904, alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha vinanda, vikiwemo vya majumba ya sinema. Alipenda kuruka, lakini ada ya masomo ilikuwa ya kutisha. Basi kati ya 1927 na 1929, katika chumba cha chini cha kiwanda cha baba yake, alichukua mivukuto na pampu za vinanda akaunda kijindege cha mbao chenye mabawa mafupi, kikiwa kimekaa juu ya kiguzo. Mwanafunzi anaingia, anafunikwa kifuniko, anashika usukani, na mivukuto inamwinamisha huku na huku kwa upepo uleule uliokuwa ukiimbisha nyimbo. Jeshi halikukitaka. Wateja wa mwanzo walikuwa viwanja vya starehe, ambako watoto walilipa senti kadhaa wayumbishwe.

Kisha ikaja Februari 1934. Rais Roosevelt alifuta mikataba ya kampuni zilizosafirisha barua kwa ndege, akawakabidhi wanajeshi kazi hiyo. Vijana wale walikuwa hodari mchana wa jua. Usiku wa theluji, macho yakiwa kwenye saa za ndani ya ndege wasizozizoea, walianguka mmoja baada ya mwingine. Katika miezi michache walikufa zaidi ya kumi. Vyombo vya kurukia gizani vilikuwepo: rubani Jimmy Doolittle alikuwa ameruka na kutua bila kuona nje tangu Septemba 1929. Kilichokosekana ni mtu kufundishwa kuviamini. Link akaruka hadi Newark katika hali ya hewa ambayo maofisa wa jeshi waliokuwa wakimsubiri waliamini hakuna atakayefika. Akafika kwa kuviamini vyombo. Jeshi likanunua vijindege vyake sita, na vita vya pili vya dunia vilipokwisha, marubani wapatao nusu milioni walikuwa wamepitia ndani ya kijindege hicho, kilichokuja kuitwa Sanduku la Bluu.

Nimeirefusha hadithi hii kwa makusudi, maana yaliyofuata miaka sabini baadaye ni yaleyale. Mwaka 2010, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ililinganisha ndege ndogo zaidi ya 8,000 zilizoundwa kati ya 2002 na 2006, za saa za kawaida na za skrini. Zenye skrini zilipata ajali chache, lakini ajali zake zilikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha vifo. Fedha yote ile, na usalama kwa jumla haukuongezeka!

Sababu moja ambayo bodi iliitaja inanigusa. Saa ya mshale ikiharibika, huharibika peke yake, na mkufunzi anaweza kuifunika kwa kikaratasi ili akujaribu. Skrini ikipofuka huondoka na mengi kwa pamoja, na kuiga hitilafu zake za ndani angani, katika ndege ndogo, si rahisi wala si salama. Kwa hiyo bodi ilipendekeza simuleta, yaani mashine ya ardhini inayoiga ndege. Link alikuwa amelijibu swali hilo kwa mivukuto.

Mafunzo ya kuhamia ndege hizi hayahitaji miujiza. Rubani ajue kila dakika otopailoti inatii amri ipi, na aizime bila kusita inapomchanganya. Ajifunze kupunguza mwendo mapema, kwani ndege hizi laini hazipungui mwendo upesi. Azoee kuruka kwa skrini moja iliyobaki. Lakini mtu atatoa mamia ya maelfu ya dola kununua ndege, halafu amsihi mkufunzi amalize kwa alasiri moja. Huo ni ubahili wa ajabu, na inayokufa kwa sababu yake mara nyingi ni familia iliyokaa kiti cha nyuma.

Huku kwetu, Cessna Caravan zinazopeleka watalii Serengeti na Zanzibar zimekuwa zikitoka kiwandani na skrini tangu 2008, na za zamani zenye saa bado zinafanya kazi. Rubani anayehama kati ya aina hizo mbili anastahili saa za simuleta zilizolipiwa na mwajiri, si kijitabu cha kusoma usiku. Nafasi imekwisha; habari za ndege za Cirrus na parashuti inayobeba ndege nzima, ambayo marubani walichelewa kuivuta mpaka walipofundishwa upya, nitaziandika toleo lijalo.