Kabla ya Kumkabidhi Kijana Ufunguo wa Gari: Gharama na Wajibu wa Mzazi

Kila mwaka, wanafunzi wanapomaliza mtihani wa Kidato cha Nne mwezi Novemba na ule wa Kidato cha Sita mwezi Mei, vijana wengi hurejea nyumbani na kukaa kwa miezi kadhaa wakisubiri matokeo na hatua inayofuata ya masomo. Ni katika kipindi hicho ambapo familia nyingi zenye gari au pikipiki husikia ombi linalofanana: kijana anataka kujifunza kuendesha.

Ombi hilo si baya. Udereva ni ujuzi unaomfungulia kijana milango ya ajira na kuisaidia familia katika shughuli za kila siku. Hata hivyo, wazazi wengi hupiga hesabu ya ada ya chuo cha udereva na leseni pekee, ilhali hizo ni sehemu ndogo ya gharama yote. Sehemu kubwa huja baadaye, na iliyo nzito kuliko zote ni ile inayomwangukia mzazi aliyetoa ufunguo kabla ya wakati.

Umri na hatua za kisheria

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza mtu yeyote kuendesha chombo cha moto barabarani bila leseni ya daraja linalohusika. Kwa upande wa gari, leseni hutolewa kwa mtu aliyetimiza umri wa miaka 18. Umri huo ndio pia unaotajwa na Sheria ya Mtoto ya Mwaka 2009, inayomtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Hivyo, mhitimu wa Kidato cha Nne mwenye miaka 16 au 17, hata awe mrefu kumzidi baba yake, bado hana sifa ya kushika usukani wa gari barabarani.

Anapotimiza umri huo, hatua ya kwanza ni kupata Namba ya Utambulisho wa Taifa kutoka NIDA, kisha Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN) kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Namba hiyo hutolewa bila malipo. Mzazi ahakikishe kijana anaomba TIN isiyo ya biashara, kwa kuwa ile ya biashara huambatana na wajibu wa kuwasilisha ritani hata kwa mtu asiye na duka wala genge.

Baada ya hapo kijana hupata leseni ya kujifunzia udereva, hujiunga na chuo cha udereva kilichosajiliwa, na kupimwa na Jeshi la Polisi Kikosi cha Usalama Barabarani. Anayefaulu ndiye anayeendelea na taratibu za kulipia na kupewa leseni. Katika kipindi chote cha kujifunza, gari linapaswa kuwa na alama ya "L" mbele na nyuma, na pembeni yake awepo mwenye leseni anayemwelekeza.

Ikumbukwe kuwa barabara ya mtaani inayopitwa na watu wote ni barabara mbele ya sheria. Mzazi anayemfundisha mtoto wa miaka 15 jioni kwa hoja kwamba "ni hapa hapa mtaani tu" anavunja sheria sawa na anayempeleka barabara kuu, na mtaani ndiko wanakocheza watoto wa majirani.

Hesabu ya gharama

Gharama za kuanzia zinafahamika. Leseni ya kujifunzia hulipiwa shilingi 10,000 na hudumu kwa miezi 3, ada ya majaribio ni shilingi 3,000, na leseni ya udereva ni shilingi 70,000 kwa miaka 5, kufuatia mabadiliko ya mwaka 2019 yaliyoongeza muda wake kutoka miaka 3. Jumla yake ni shilingi 83,000. Ada ya chuo hutofautiana, na ni vema mzazi akahakiki viwango vinavyotumika kabla ya kulipa. Malipo yote ya Serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na si kwa fedha taslimu mkononi mwa mtu anayejiita wakala.

Gharama za kuendelea ndizo zinazohitaji kutafakariwa. Chukua mfano wa kijana anayetumia gari la familia kwa safari ya kilomita 20 kwa siku, kwenda na kurudi, kwa siku 25 za mwezi. Hizo ni kilomita 500. Gari linalotumia lita moja kwa kilomita 10 litahitaji lita 50 za mafuta. Mzazi azidishe idadi hiyo kwa bei kikomo ya eneo lake, inayotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, naye atapata kiasi kinachoongezeka kwenye bajeti ya nyumba kabla ya kuhesabu oili, matairi na breki. Aidha, tangu ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa mwaka 2017, makato yaliyoifidia yamo ndani ya bei ya mafuta, hivyo anayeendesha zaidi huchangia zaidi.

Bima na nani anayelipa

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo kiwe angalau na bima ya mtu wa tatu. Wengi hukata bima hii, ambayo kwa gari dogo binafsi hugharimu shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani. Lakini si kila mwenye stika anajua inachokinga. Bima hii humfidia mtu mwingine aliyeumizwa au kuharibiwa mali. Gari lenyewe halimo. Kijana akitumbukiza mtaroni gari lenye thamani ya shilingi milioni 12, familia itabeba hasara yote. Bima kubwa hukinga na gari pia, ingawa mikataba mingi humtaka mwenye gari achangie kiasi zaidi pale dereva anapokuwa kijana au mgeni wa udereva. Ni busara kuusoma mkataba na kuuliza kabla kijana hajaanza kuendesha.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba mkataba wa bima hujengwa juu ya dereva mwenye leseni halali. Asiye na leseni akisababisha ajali, kampuni inaweza kukataa kulipa hasara ya gari, au kumdai mwenye gari fedha iliyomlipa mwathirika. Aidha, sheria haimshughulikii aliyeendesha peke yake, kwa kuwa kumruhusu mtu asiye na leseni kuendesha chombo chako ni kosa linalojitegemea. Hivyo, mzazi aliyekuwa amelala wakati ajali inatokea anaweza kujikuta akijibu mashtaka na kulipa fidia kutokana na uamuzi wa kumwachia mtoto gari "akanunue mkate."

Makosa madogo nayo huacha alama. Faini ya papo kwa papo ya shilingi 30,000 kwa kosa la gari huingizwa katika mfumo wa Polisi kwa namba ya usajili wa gari, na deni huonekana kwa yeyote anayeihakiki namba hiyo. Mzazi ajenge mazoea ya kuikagua mtandaoni kila mwezi, asije akakutana na malimbikizo siku anapotaka kuuza gari.

Pikipiki haina nafuu

Kwa familia nyingi chombo cha kwanza ni pikipiki, na wapo wazazi wanaomnunulia kijana ili ajiajiri. Faini ya pikipiki na bajaji ilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 mwaka 2021, lakini wajibu haukupungua. Leseni ya gari haimruhusu mtu kuendesha pikipiki, kwani pikipiki zina madaraja yake. Kofia ngumu ni kwa dereva na abiria, na anayebeba abiria kwa malipo anahitaji pia leseni ya usafirishaji. Kofia mbili zihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya pikipiki tangu siku ya ununuzi.

Makubaliano ya nyumbani

Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa ajali za barabarani huua takriban watu milioni 1.19 duniani kila mwaka, na ndizo chanzo kikuu cha vifo kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonesha pia kuwa hatari kwa dereva mpya huongezeka usiku na anapobeba vijana wenzake. Leseni huthibitisha kuwa kijana amefaulu majaribio. Uzoefu hupatikana kwa muda, chini ya macho ya mkubwa.

Kwa sababu hiyo, mzazi na kijana wakae na kukubaliana kabla ya safari ya kwanza: nani ananunua mafuta, nani analipa faini, saa ngapi gari linarudi, abiria wangapi wanaruhusiwa, na simu inakaa wapi wakati wa kuendesha. Kwa miezi ya mwanzo kijana aendeshe mchana, katika njia anazozifahamu, mzazi akiwa kiti cha pembeni na mikanda ikiwa imefungwa. Naye mzazi ajichunge, kwa kuwa kijana aliyemwona baba au mama akizungumza na simu huku akiendesha amekwisha kupata somo lake la kwanza la udereva, na hakulipata chuoni.

Husemwa kuwa ajali haina kinga. Kwa kijana anayeanza kuendesha kinga ipo, nayo huanzia kwa mzazi anayejua lini autoe ufunguo na lini auweke mfukoni.